Maiti wa Tatu Kutoka Kushoto

Walinilipa mia nane nife.
Nilikufa vizuri; Wambaire mwenyewe alikiri,
kachuchumaa kwenye majivu ya dampo la Gioto
na kamera begani kama mtungi:
"Mama Nyaboke, usipumue mpaka kwaya ipite."
Sikupumua. Inzi alinitembea juu ya kope,
nikamwacha. Mia nane ni unga wa wiki.

Leo wanaionyesha.
Jumba la sinema lililokuwa ghala, kisha kanisa,
usiku huu limerudia kazi yake ya kwanza:
shuka limetundikwa penye madhabahu,
viti ni vile vya kukodi matanga,
vina jina la chama cha akina mama mgongoni.

Sheria ya filamu ni moja, unaigundua polepole:
humo ndani anayedanganya huimba.
Msema kweli husema tu, kwa sauti ya mafua,
na hakuna anayegeuka.

Mwenye bucha anaimba, kidole kiko kwenye mizani.
Mchungaji anaimba, gari lake jipya linamwitikia kwa honi.
Na karani wa ardhi, loo, koo lake limelambishwa asali!
Anamwimbia mnunuzi, wino mkononi:

Shamba hili ni la kwako, mwenyewe alihamia,
Saini chini ni yako, wino bado wavujia,
Sili hata senti yako, haki naipigania —

kisha anamgeukia mjane aliyeketi kwenye benchi:

Lala mama, usilie, mji unakulindia.

Tukapiga makofi. Ndiyo, sisi.
Koros wa ushuru wa soko alipiga mluzi,
na mimi mguu wangu ulikwisha kuukamata mdundo
kabla sijaukanya.

Rangi hakuna. Nakuru yote ni masizi na mvua,
mabati ya Kaptembwo yanapigwa kama ngoma,
ziwa linapanda, linaingia Mwariki
mlango kwa mlango kama mdai kodi,
na ndani ya nyumba zilizojaa hadi dirishani
watu wamepanda juu ya meza, wanaitikia kibwagizo.
Heroe wameshahama. Wao hawakuwa na wimbo.

Halafu dampo. Halafu sisi, maiti sita,
na kwaya ya waheshimiwa inaturuka mmoja mmoja
huku imeshika pindo za majoho yasichafuke.
Nilijitafuta. Wa tatu kutoka kushoto.
Lilikuwa gauni langu la Jumapili.
Wakati besi ilipozama chini kabisa
nikaiona kope yangu ikicheza.
Wambaire hakuikata.
Nyuma yangu kijana akanong'ona, "Huyo yu hai,"
na mwenzake akamwambia anyamaze, asikie wimbo.

Nje umeme ulikuwa umepotea hadi Bondeni.
Watu wakaenda zao gizani wakiuvumisha
ule wa karani; ni mtamu, utafanyaje?

Asubuhi nilifungua kioski, nikapanga vikombe.
Chepng'eno akaja na chupa yake, akauliza
kama anavyouliza kila siku ya Mungu:
"Mama, maziwa ni ya leo?"
Nikasema. Nilisema tu, pua imeziba:
"Ya jana. Na nimeyatia maji."

Alicheka mpaka akajishika kiuno.
Akanilipa, akaondoka na chupa yake,
akivumisha.