Bolti Saba, Kibigori

Kutoka Muhoroni hadi Kibigori mimi huenda kwa miguu,
tochi kwapani, mvua ya Machi ikinitangulia.
Hatua zangu hazijawahi kupatana na mataruma:
moja li karibu mno, mawili ya mbali mno,
basi nachechemea, nalipwa mshahara wa kuchechemea.

Watu hudhani polisi wa reli hulinda treni.
Treni hujilinda; ina tani zake.
Mimi hulinda vitu vidogo:
nati, bolti, kokoto, waya wa ishara,
na mahindi ya Mama Adhola yaliyoanikwa kando ya chuma,
ambayo kila Jumanne namwambia ayaondoe
na kila Jumanne ananifungia mawili ya kuchoma.

Usiku ule, karibu na kalavati,
nilisikia chuma kikisaga chuma,
si mlio wa gurudumu. Mdogo, wa siri,
kama mtu akorogaye chai asitake kuamsha nyumba.

Nikawasha tochi. Mvulana. Kaptura ya shule,
spana ndefu kuliko mkono wake,
na mkobani, kati ya daftari la Sayansi na kiazi kilichopoa,
bolti saba.

"Jina?"
"Obange."
"Unajua hizi ni nini?"
"Shilingi arobaini kilo, afande."

Hakuwa na ujeuri. Nilimuuliza, akanijibu.

Pingu zangu zilikuwa pana kwa kifundo kile.
Nikampa tochi ashike. Nikapiga magoti
penye grisi na majani makavu ya miwa,
nikazirudisha moja moja, ya tano ikanichuna kidole,
naye akinimulikia, akisema:
"Kushoto, afande. Hapo uzi umekosa njia."
Aliijua kazi hiyo kunishinda.

Saa kumi kasorobo ile ya mafuta ikaja,
matangi ishirini na moja nyuma ya taa moja,
ardhi ikatetema hadi kwenye magego.
Akanishika mkono wa koti. Hakuachilia
mpaka behewa la mwisho lilipopita,
na hata baadaye kidogo.
"Kumbe huwa inapita," akasema.

Kituoni, Sajini Keitany alikisoma kitabu cha matukio:
*Bolti saba. Zimerudi mahali pake.*
"Na mshukiwa?"
Nikamwambia wino uliniishia.
Akaitazama kalamu mkononi mwangu,
akapuliza chai yake.

Jumanne iliyofuata nikapita tena pale.
Nikainama, nikahesabu kwa kidole chenye kovu.
Sita.