Kilo Sitini

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Lunga Lunga,
Bwana Vishram akanikabidhi ufunguo, fomu ya kurasa nne,
na kalamu iliyofungwa kamba, kana kwamba mwizi wa kalamu
ndiye wa kuaminiwa pikipiki.
Mpya. Haijanusa vumbi.
Tanki limetakata hata taa ya mlinzi
ikaelea ndani yake kama yai kaangoni.

“Nenda Marsabit, urudi,” alisema.
“Watakaoinunua hii hawaendi Ruaka.”

Kisha wakanipakiza abiria:
gunia la mchanga, kilo sitini kamili mzanini,
kwa kuwa fomu inauliza, ukurasa wa pili,
ikibeba wawili, inatembeaje?
Na wa pili wangu, Mbithe, alishashuka,
mwaka wa tatu huu, kituo hakunitajia.

Nikauliza mchanga umetoka wapi.
Mpakiaji akacheka. “Machakos, wapi kwingine?
Nairobi nzima ni Machakos iliyosimamishwa wima.”
Mimi ni wa kule. Mto wetu ulichotwa
mpaka mwamba ukatoa meno.
Nikakaza mkanda, nikanyamaza.

Barabara ya Thika hunikuta daima na jambo la kuwahi:
kifurushi, deni, mteja anayepiga simu mara ya tano.
Miaka minane ya bodaboda,
mguu wa kulia ukibembeleza breki isiyosikia.
Leo nagusa tu, na chombo kinatii
kabla sijamaliza kutaka.
Steji ya Roysambu wenzangu walinyanyua shingo.
Sikupiga honi. Ningepiga, ningeshuka.

Karatina, ukungu. Timau, ngano,
na baridi inayokagua vifungo kimoja kimoja.
Kisha mteremko, masikio yakaziba, yakazibuka,
na Isiolo joto likanifungua zipu lenyewe.

Nilipovuka Ewaso Ng'iro barabara iliacha kona,
ikawa uzi uliovutwa na mtu mwenye hasira.
Hapo ndipo nilipoanza kuongea na gunia.
Nikalisifu. Kwenye kona zote za nyuma
liliinama nilikoinama.
Mbithe aliinamia upande wa pili, kwa hofu,
nami nikamkaripia, kwa hofu,
tukaenda hivyo miaka sita, watu wawili
juu ya magurudumu mawili, kila mtu na lake.
Hilo sikumwambia yeye. Nimeliambia gunia,
kilomita mia moja kwa saa, ndani ya kofia ngumu.

Merille nilisimama kunyoosha mgongo.
Mshono ulikuwa umeachia.
Nyuma yangu, juu ya lami, uzi wa kijivu
unarudi, unarudi, mpaka macho yanakoma.
Chini ya daraja mto mkavu, na wanawake wakichimba,
mkono hadi begani, jerikeni likisubiri,
vile vile alivyochimba mama.
Gundi ya karatasi ilikuwemo mfukoni. Ikabaki humo.
Nikateremka na kofia imejaa mchanga,
nikaumwaga mtoni. Mara mbili. Mara tatu.
Mmoja wao akainua kichwa, akanipima:
“Huku mchanga tunao, kaka. Leta maji.”

Wakacheka wote. Nami nikacheka,
kofia tupu mkononi.
Usiku ule Marsabit nililala na nguo zangu.

Jioni ya pili, Lunga Lunga. Waliosha pikipiki kwanza,
kisha wakapima gunia: arobaini na tisa.
“Kilo kumi na moja ziko wapi?” Vishram akauliza,
kwa sauti ya mtu mwenye stakabadhi.
Nikavuta kalamu mpaka kamba ikakaza.
Ukurasa wa pili niliandika:
Inabeba wawili vizuri sana.
Kasoro iko kwenye mshono.

Nilirudi Mukuru kwa miguu.
Mlangoni nikavua buti, nikaligeuza,
na kijiko kimoja cha mchanga kikamwagika sakafuni.
Sakafu ni ya saruji.
Nayo, wapi kwingine.