Kabla Njia Haijafungwa

Mlango usiufunge kistaarabu, Ramaz.
Ubamize. Ndivyo baba alivyoulea.
Sasa kanyaga klachi hadi mwisho, na zaidi ya mwisho,
mpaka goti lilalamike,
mkono uulaze juu ya gia bila kuikaba.
Inatetemeka? Iache. Ndiyo salamu yake.

Magari ya wageni yanayopanda kutoka Alvani
hukubeba kama yai, hujui umekanyaga nini.
Niva hii itakutajia kila jiwe,
kupitia kiti, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye meno.
Kona ikiwa na barafu utaihisi viganjani
macho yakiwa bado yanabahatisha.

Wanasema chuma hiki hakifi.
Waongo.
Nimekizika mara arobaini kando ya njia hii,
kikafufuka kwa waya, kwa kijiko,
kwa kipande cha sabuni ya kufulia
kilichoziba tangi lililotoboka pale darajani.
Si kwamba hakiharibiki.
Kinaharibika kwa lugha ninayoielewa.

Mwaka ule wa theluji ya mapema
nilimteremsha mjomba Jokola kutoka Omalo,
yeye, mbwa wake, na viriba sita vya jibini.
Hakutaka kushuka. Alikaa pembeni yangu
kama mzigo uliofungwa vibaya.
Tulipokivuka tu kilele cha Abano, upande ule
ambao ukitema mate huyasikii yakitua,
mkanda wa feni ukakatika.
Mvuke. Kisha upepo peke yake.
"Mjomba," nikasema, "tazama korongo."
Akalitazama korongo, mzee wa adabu,
nami nikavua suruali, nikavua soksi ndefu za nailoni,
miguu ikawa ya buluu kama ya maiti,
nikazisokota, nikapiga fundo la kufungia kondoo,
lile lile alilonifundisha nikiwa na miaka sita.
Injini ikakohoa. Ikafikiri. Ikakubali.

Tukashuka kwa gia ya kwanza, ile nzito,
breki nikizigusa
kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
Injini ndiyo iliyotushika, ikinguruma chini kwa chini,
na jibini lote likatuegemea mgongoni.
Kwenye kona ya saba, au ya nane, mjomba akaanza kucheka.
Hakuniambia kwa nini.
Alikufa Februari, huku tambarare,
kwenye nyumba yenye joto.
Sijui kama siku ile nilimwokoa
au nilimng'oa.

Basi. Washa taa. Ya kushoto huwaka ikipigwa kofi.
Hicho kishikio kifupi usikivute ukiwa kwenye mwendo:
simama, vuta, sikiliza meno yakikutana,
ndipo uende.
Ukisikia harufu ya petroli, ni kawaida.
Usipoisikia,
simama.