Punje Mbili, Uvinza

Maji ya chumvi yakikaribia kukauka kwenye bati
huioni punje inapoanza.
Kwanza ukungu tu, weupe wa maji ya mchele,
halafu hapa pameganda, na pale, na kando yake nyingine,
zimeshikana hata kijiko hakizitenganishi.

Ndivyo nyota, alisema Mwalimu Gwimo:
wingu la gesi na vumbi hujikunja kwa uzito wake,
hukatika, huzaa kundi zima,
na nyingi hutoka mbili mbili,
zikizungukana, kila moja ikimvuta mwenzie.
Kundi hutawanyika bila ugomvi.
Undugu utautambua kwa mwendo tu.

Nikauliza: na Jua?
Akajikuna kidevu kwa chaki.
"Labda nalo lilikuwa na pacha.
Hatujui alikoelekea."

Mimi ni Toyi. Bukuru alipanda treni ya saa nane usiku
na chumvi kilo mbili kwenye mfuko wa rambo.
Mama bado huita majina mawili.
Huitika yote.

Usiku nachochea kuni. Malagarasi inapita gizani.
Nikihisi mvuto upande wa kushoto
nasogea kidogo kwenye benchi.