Mraba Chini ya Taa

Taa ilikufa Jumanne, katikati ya ugali.
Haikupepesa, haikuaga.
Mama akasema: masika mawili tu,
na kilo za korosho zilizoinunua bado nazihesabu.

Nikaipeleka kwa Somoe Nalinga,
kibandani nyuma ya stendi ya Newala,
pale upepo wa ukingoni unapopita na vumbi
na kila kilichoharibika hupita pia.
Nilikwenda kuaga, si kutibu.
Nikamwambia, ikishindikana naitupa Shimo la Mungu.
"Shimo la Mungu halili betri," akasema,
akaigeuza kifudifudi kama mtoto mwenye homa.

Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa
(ndiyo, mafuta ya taa; hatukucheka),
akafuta salfa ya misimu miwili
mpaka kikatokea kijimraba, cheusi na cheupe,
kama jamvi lililosukwa na mtu mwenye haraka.
Miaka miwili kimelala chini ya mwanga
na hakuna aliyekimulika.

Simu yake ina ufa kutoka sikio hadi kidevu.
Ikatazama. Ikafikiri.
Mtandao ukaenda kwanza kuteka maji bondeni, ukarudi.
Kisha ikasema yote, kama shahidi aliyechoka kuficha:
mwezi taa ilipozaliwa;
skrubu nne, mbili chini ya miguu ya mpira;
betri hubadilishwa, haizikwi;
plastiki hii huyeyushwa ikawa plastiki tena;
usichome, usifukie, usimpe mtoto.

Chini ya miguu ya mpira!
Mwaka mzima Somoe amezipasua taa za aina hii kwa kisu
akiamini zimeumbwa bila mlango.
Alinyamaza.
Nadhani alikuwa akizihesabu.

Mwishoni kabisa, maandishi ya kijani:
rudisha betri kuukuu kituo kilicho karibu nawe.
Akabonyeza. Dar es Salaam.
"Karibu," akasema. "Neno hili wamelivuta mpaka limekatika."

Akaburuta ndoo ya rangi yenye kifuniko.
Ndani betri, kila moja kinywa kimefungwa utepe:
za redio, za simu, za tochi ya mlinzi wa hospitali.
Zamani tulizipasua kwa mawe,
weusi wake tukapaka ubao wa shule.
Nilijifunza kuandika jina langu juu ya sumu.
Ndoo ikijaa, anasema, inapanda lori la korosho la Chilumba
hadi Mtwara, kwa mpwa wake wa bandarini, halafu
halafu hajui. Mraba haujamwambia.

Elfu nane. Nikalalamika kidogo, kwa adabu.
Kabla hajafunga akachukua msumari,
akakwaruza ndani ya kifuniko:
S.N. Juni. Imefunguka vizuri.
"Kiwanda kimeandika ilikozaliwa," akasema.
"Nani ataandika ilikofanya kazi?"

Usiku ule ikawaka, kali kidogo kuliko zamani.
Mdogo wangu Tamimu, amepata mchezo mpya,
akazunguka nyumba na simu yangu akisaka miraba:
kiroba cha salfa, sabuni, boksi la dawa za mama,
akafika kwenye mtungi.

Shingoni una alama za gunzi, mstari, alama tena.
Simu ikatafuta, ikatafuta.
"Huo mkono wa Binti Likwawa," mama akasema bila kugeuka.
"Udongo wa bondeni. Ukipasuka, kigae watanywea kuku.
Mengine kamuulize kesho, yuko hai."

Tamimu akashusha simu,
lakini si mara moja.