Chaga Nne

Kitanda cha mama kilipokosa mtu
nilikibomoa sebuleni, Pasua, Jumamosi asubuhi,
nikabaki na matendegu tusiyoyahitaji
na chaga tisa za mninga.

Nne zilikuwa na tabia:
ukizikanyaga katikati zinashuka,
ukiondoa mguu zinapanda, hazina kinyongo.
Miaka thelathini na moja zilimbeba,
zikishuka alipolala, zikipanda alipoamka kuwasha jiko.
Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Hizi zilikauka kabla sijaota jino
na bado zilikunjika.

Msifuni ana mashine nyuma ya soko la Mbuyuni.
Nilitaka azipasue unene wa sarafu mbili zilizopandana.
Akauliza za nini. Nikasema, uta.
Akazima mashine.
"Unamwinda nani, mjumbe wa nyumba kumi?"
Akaiwasha tena. Hakunitoza.

Mgongoni nikaweka mwanzi wa Rau,
kwa kuwa mgongo ndio unaovutwa;
tumboni mninga, matabaka mawili,
kwa kuwa tumbo ndilo linalobanwa.
Chaga zikakutana penye mshiko, ncha kwa ncha,
kama watu wa nyumba moja wasiosemezana.
Gundi ilikuwa ya chupa mbili,
kila moja peke yake ni uji tu.
Vibano nilikuwa navyo sita, kazi ikitaka ishirini,
nikakata tyubu za baiskeli
nikaufunga uta mzima mpaka kwenye kalibu
kama mguu uliovunjika.

Ilikuwa Julai. Gundi haiipendi Julai ya Moshi,
mlima umejifunika, sakafu inauma nyayo.
Nikautia kwenye sanduku refu la mabati,
nikaning'iniza balbu ya wati mia.
Saa saba usiku luku ikaisha.
Ndeonansia aliinuka bila neno,
akajaza pasi ya mkaa, akaisukuma chini ya sanduku,
akaketi.
Tuliuguza mti hadi alfajiri.

Siku ya kuuvuta nilifunga kapi ukutani,
nikatundika mizani ya ndoano.
Kazi yangu ndiyo hiyo, kiwandani:
kahawa ya watu, kilo za watu, kalamu sikioni.
Sijawahi kupima kitu kinachokataa.
Kilo nne. Kimya.
Kilo saba. Mkono wa chini mgumu kuliko wa juu;
randa, msasa, upote tena, tupa, msasa.
Kilo tisa na nusu,
uta ukasema krrr.

Niliujua mlio ule.
Ni mama, anageuka upande wa ukutani.

Nikaiachia kamba taratibu,
nikatoka nje kidogo.

Nakiete ana miaka kumi na miwili.
Aliupokea kwa mkono wa kulia
akanitazama, akasubiri nielewe.
Kidaka cha mshale nilikuwa nimekichonga
upande wa watu wengine wote.
Mwanangu ni shoto. Namwona kila jioni na kalamu yake,
namwona akila ugali kwa mkono wa kulia
kwa sababu bibi yake alimchapa kiganja:
mkono wa kula ni huu.

Nikachonga kidaka cha pili, upande wake.
Mshiko ukapungua, nikaukaza kwa ngozi ya kiatu.
Sasa uta una mashavu mawili
na hauulizi mtu ni wa mkono gani.

Kulenga tulilenga gunia la maranda
nyuma ya choo, hatua kumi na tano.
Alivuta kwa kushoto.
Mti ukasema krrr, kwa hasira au kwa mazoea, sijui,
ukashuka, ukapanda.

Wano wa kwanza ulilipita gunia kwa mbali
ukatoboa ndoo ya mama Aikande.
Tumelipa ndoo.
Wa pili sijauona ulikoangukia;
nilikuwa natazama mkono.