Kipimo cha Jioni

Mimi ndiye ninayepima.
Lanet, chumba cha tatu baada ya duka la kambi:
rula ya mbao ukutani, benchi isiyotikisika,
mizani inayodanganya nusu kilo mvua ikinyesha.
Miaka kumi na mmoja nimeishika tepu hii.
Mapaja ya marubani nayajua
kuliko mama zao wanavyoyajua.

Wanaponijia hudhani ni habari ya moyo.
Mmoja alianza kunisimulia ndoto yake
tangu darasa la nne, huko Kapsabet,
nikamwambia vua viatu, kaa wima, nyamaza.
Kiti cha nyuma hakisikilizi ndoto.
Kinauliza: kutoka kalio hadi goti, ngapi?
Kutoka benchi hadi utosini, ngapi?
Ukizidi, kofia hugusa kioo,
na siku baruti itakapokirusha kiti nje
kitatangulia kioo, au itangulie shingo yako.

Mwaka ule nafasi ilikuwa moja.
Ndege ya viti viwili, dakika arobaini,
kadeti aonje, ajue kama anataka kweli.
Walioomba, ishirini na sita.
Hesabu ikawapukutisha kumi na wanne,
daktari wa macho akala saba,
mmoja jino bovu
(hewa ya juu hulichokonoa jino kama sindano).
Wa kwanza kati ya waliobaki, Vugutsa,
binti wa muuza kuku wa Chavakali,
mrefu hata mlangoni huinama bila kukumbuka.

Saa moja asubuhi nikamkalisha.
Tisini na nane.
Mwisho ni tisini na saba.
Hakulia. Aliitazama rula
kama mtu aliyeongezewa bei ya unga usiku mmoja.
"Afande, hiyo moja ni ya nini?"
Ni ya shingo yako, nikasema.

Sijui kwa nini niliongeza neno.
Labda kwa kuwa aliinama kufunga kamba za viatu
nikauona uti wake chini ya fulana,
pingili kwa pingili, kama gunzi lililopukuchuliwa.
Nikasema: mtu huamka mrefu.
Mchana kutwa dunia humkalia.
Njoo jioni.

Alibeba mchanga, kilo ishirini na tano,
kutoka langoni hadi ukingo wa Menengai, akarudi.
Wenzake walidhani ni adhabu.
Hakuketi. Ugali alikula amesimama.
Saa kumi na mbili na robo akaingia,
vumbi jeupe hadi kwenye kope,
akakaa.

Tisini na saba. Juu ya mstari wenyewe.
Nikazima taa, nikawasha, nikasoma upya.
Fomu ina safu ya jina, namba, uzito, kimo.
Haina safu ya saa.
Nikaandika.

Kisha nikaulizia: ataruka lini?
Alhamisi, saa nne asubuhi.
Nikamfuata bwenini, nikamwita nje.
Usilale, nikamwambia. Wala kidogo.
Akaenda Nanyuki na ule mfuko wa mchanga
mgongoni, ndani ya lori, amesimama.

Alhamisi nilitoka nje tepu ikiwa shingoni.
Kivuli kilipita juu ya mabati ya jikoni,
ndipo sauti ikaja, imechelewa, imekasirika,
sufuria zikaitikia.
Mpishi alitukana. Mimi nilihesabu tu.
Nilihesabu hadi mia nne, sijui nilikuwa nahesabu nini.

Aliporudi nilimuuliza: umeona nini?
"Goti langu, afande.
Kichwa kilikuwa kizito, kikaangukia kifuani,
nikalitazama goti muda mrefu.
Halafu ziwa likawa juu yangu.
Nilitapika mara mbili.
Barakoa nimeiosha mwenyewe, ndiyo sheria yao."
Akanyamaza.
"Rubani ameniuliza kama nataka tena.
Nilikuwa bado natapika. Nikainua kidole gumba."

Nikamwambia vua viatu.
Hakuuliza kwa nini. Alikaa wima, kidevu sawa.
Tisini na sita na nusu.
Fomu yake nilikwisha kuipeleka.
Nikabaki nimekishika kichwa chake chini ya ubao,
nywele zake zikinuka mafuta ya taa,
hadi aliposema, "Afande, naweza kulala sasa?"